Mshahara wa Tarehe Ishirini na Nane

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, habari yangu ni fupi. Mimi ni yule mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeamua kuwa mshauri wa fedha kabla hajawa na fedha. Asubuhi nilikuwa chuoni, mchana nilikuwa mwanagenzi katika ofisi ya ushauri, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Nimekwisha kusimulia jinsi nilivyomshauri mwenzangu wa chumba auze friji yake ndogo anunue hisa. Hisa zikashuka, maziwa yakachacha, na bwenini wakaanza kuniita Benki Kuu.

Jina lile liliniuma, ila halikunizuia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Meneja wangu, mama wa makamo anayevaa miwani ya kusomea machoni na miwani ya jua kichwani hata akiwa ndani, alinipa sharti moja.

"Wateja kumi wenye kipato, kabla mwezi haujaisha. Wanafunzi wenzako siwahesabu. Ukifikisha kumi, nakuombea leseni. Usipofikisha, tunaagana kwa amani."

Nilikuwa na wanane, na siku tisa mkononi.

Mtu akiishiwa na wateja hukumbuka ndugu.

Mama mdogo na baba mdogo ndio walionilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili. Mama mdogo ni mwalimu wa hesabu, miaka ishirini na mitatu ubaoni. Baba mdogo ni fundi wa lifti. Ada yangu ya chuo wanailipa wao. Kwa hiyo nilikuwa nawaendea watu walioninunulia kikokotoo cha kwanza, niende kuwafundisha kujumlisha.

Jumamosi nikamkuta mama mdogo sebuleni, na rundo la madaftari mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kuomba?"

"Nimekuja kushauri."

Akaweka kalamu nyekundu chini, akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi bila kuonyesha njia.

Nikamfungulia fomu. Tukaenda mstari kwa mstari: umri, akiba, madeni, wategemezi. Tulipofika kwenye mipango ya kustaafu, akacheka.

"Shule imetutangazia wiki hii. Waliofikisha miaka ishirini wanaweza kuondoka kwa hiari, na kiinua mgongo chao chote, na nyongeza ya mshahara wa mwaka mzima juu yake. Barua mwisho Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Lakini mimi siendi popote. Nikikaa nyumbani nitaanza kuwasahihisha majirani."

Mwenye busara angefunga fomu hapo. Mimi nikafungua kikokotoo.

"Mama, hebu sikia. Ukichukua hizo pesa ukanunua hati fungani za serikali, kila miezi sita unapata faida. Jioni unafundisha watoto wachache hapahapa sebuleni. Kodi ya nyumba na ada yangu vinabebwa na mshahara wa baba mdogo. Kila kitu kinasimama."

"Kinasimama kwa mguu wa baba yako mdogo."

"Si mguu imara?"

Akafikiri kidogo. "Hilo siwezi kukataa. Tarehe ishirini na nane haijawahi kumpita bila kuniwekea pesa ya nyumba mkononi."

Nikaandika mshahara wa baba mdogo kwenye mstari wa mapato ya mwenzi. Mama mdogo akasaini kuwa mteja. Kuhusu kustaafu akasema atafikiri, ila kwa sauti ya mtu ambaye hatafikiri. Sitawaficha: kamisheni ya zile hati fungani nilikuwa nimeikokotoa kabla wino wake haujakauka.

Mteja wa tisa.

"Na baba yako mdogo nitamtuma aje akusaidie," akasema. "Naye ajaze fomu."

Laiti angemtuma dukani.

Baba mdogo alikuja ofisini Jumanne, na sanduku lake la vifaa. Akalisukuma chini ya kiti, akajifuta mikono kwa leso ingawa mikono ilikuwa safi. Mstari wa kwanza hadi wa tatu alijibu kwa mzaha. Mstari wa nne uliuliza: mwajiri wa sasa.

Akaikunja leso.

"Hii fomu inasomwa na nani?"

"Mimi, na meneja nikishaiwasilisha."

"Na mama yako mdogo?"

"Haruhusiwi. Siri ya mteja ni siri ya mteja. Hata akinililia."

Nililisema hilo kwa majivuno. Lilikuwa limeandikwa ukutani nyuma yangu, ndani ya fremu.

Baba mdogo akaisoma ile fremu mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi andika: hakuna."

"Hakuna nini?"

"Mwajiri. Walitupunguza. Huu ni mwezi wa saba tangu hapo."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa nne. Yeye hakucheka.

"Lakini baba, kila asubuhi unatoka. Na kila mwezi mshahara..."

"Najilipa mwenyewe," akasema. "Kiinua mgongo walichonipa nilikigawa mafungu tisa, kila fungu sawasawa na mshahara wangu. Tarehe ishirini na nane nakwenda benki, najilipa, naleta nyumbani. Nilijiambia, hata mtoto hutoka kwa miezi tisa, sembuse kazi."

"Yamebaki mafungu mangapi?"

"Mawili. Na nusu ya fungu la tano ilikuwa ada yako ya muhula huu, usione nakusimanga."

Hakunisimanga. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Muhula ule nilikuwa nimekosa mihadhara kumi na minne nikitafuta wateja.

Nikamuuliza mchana hushinda wapi.

"Kwenye majengo. Napanda lifti, nashuka, nasikiliza. Nikisikia inakwaruza, namwachia mlinzi namba yangu. Wengine hupiga. Wengi hawapigi." Akasogeza kiti. "Haya, mshauri. Nishauri."

Nikashika kitabu cha mafunzo ya ushauri. Sura ya nne, familia inapopoteza kipato.

"Hatua ya kwanza," nikasema, "ni mazungumzo ya wazi kati ya mume na mke."

"Na hatua ya pili?"

Nikafungua ukurasa uliofuata. Kitabu kilikuwa kimeshaanza habari za bima. Mwandishi aliamini kwamba hatua ya kwanza imefanyika.

"Nitamwambia," akasema baba mdogo. "Niachie nitafute siku."

Akasaini. Mteja wa kumi. Nilikuwa nimefikisha kwa idadi, ingawa si kwa kipato, na nilijisikia kama mtu aliyeshinda mbio akagundua kwamba kiatu si chake.

Alipoondoka ndipo nilipokumbuka faili la Jumamosi. Hati fungani, watoto wa jioni, kodi na ada, vyote nilikuwa nimevisimamisha juu ya mshahara ambao haupo. Nikajipa moyo: mama mdogo alisema haendi popote. Lakini moyo haukukubali kupewa.

Jumatano jioni nikaenda nyumbani. Baba mdogo alikuwa bado hajarudi kutoka "kazini". Mama mdogo alikuwa na madaftari yake.

"Mama, ile habari ya kustaafu. Nimefikiri tena. Ni bora uiache."

"Nilikuwa nimeshaiacha. Kwa nini umekuja kuizika?"

"Nilitaka tu uwe na hakika."

Kalamu nyekundu ikasimama.

"Jumamosi hesabu ilikubali. Leo haikubali. Namba gani imebadilika?"

"Hakuna namba iliyobadilika."

"Basi jibu lisingebadilika. Upande wangu sijaugusa. Jana baba yako mdogo alikuja ofisini kwako kujaza fomu." Akaniangalia usoni. "Kaandika nini?"

"Mama, siruhusiwi kusema."

"Sawa. Kazi ni kazi." Akarudi kwenye daftari, akapiga vema mbili, kisha bila kuinua uso akauliza, "Ana mtoto nje?"

"Hana."

Lilinitoka kabla sijalishika.

"Kumbe hilo unaruhusiwa," akasema taratibu. "Basi lipo ambalo huruhusiwi. Ni mwanamke?"

Nikanyamaza. Ningesema hapana, angeuliza swali lingine, na lingine, kwa njia ya kuondoa, mpaka abaki na jibu moja. Ndivyo anavyofundisha. Kwa hiyo nilinyamaza kwa ajili ya maadili ya kazi, na kimya changu kikamzalia baba mdogo mwanamke ambaye hajawahi kuwepo.

Mama mdogo akafunga daftari.

"Asante, mwanangu. Umenisaidia. Kesho naandika barua."

"Barua gani?"

"Ya kustaafu. Kama ana mtu wake, mimi nataka haki yangu yote mkononi mwangu, kwa jina langu, kabla mtu hajaanza kuipigia hesabu. Zile hati fungani zako bado zipo?"

Nilikuwa nimekwenda kumzuia asistaafu. Nikaondoka nikiwa nimemstaafisha.

Alhamisi nilimtafuta baba mdogo tangu asubuhi. Nilimpata mchana, kwenye ukumbi wa jengo la ofisi fulani, amesimama mbele ya mlango wa lifti ameinamisha sikio. Nikamweleza yote. Uso ukamshuka.

"Anadhani nina mwanamke?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa pesa gani?"

"Baba, akipeleka barua ile, nyumba nzima itakuwa haina mshahara hata mmoja. Mwambie leo."

"Nyumbani siwezi. Nimejaribu, si mara moja. Nikianza tu naishia kuomba chumvi." Akakuna kichwa. "Kesho. Saa kumi, ofisini kwako. Mwite na yeye. Mbele yako nitasema, kwa sababu wewe unajua tayari, sitapata pa kukimbilia. Barua mwisho saa kumi na moja, si ndiyo? Saa nzima inatosha."

Nikampigia mama mdogo, nikamwambia aje kesho saa kumi tukamilishe mpango wake, na barua aje nayo asiitume kwanza. Akasema sawa. Shule yake ni mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini kwetu, angepita akitoka.

Ijumaa asubuhi nilikuwa na mtihani chuoni, somo la Maadili ya Taaluma. Swali la tatu lilisema: mshauri ana wateja wawili wa nyumba moja, na siri ya mmoja inamdhuru mwingine. Afanye nini? Nikajaza kurasa nne. Niliandika kwamba mshauri anapaswa kujitoa mapema kwa pande zote mbili, na kumweleza msimamizi wake bila kuchelewa. Matokeo yalipotoka nilikuwa na alama themanini na tisa. Mhadhiri aliandika pembeni, "Inaonekana umeishi jambo hili."

Nilifika ofisini saa tisa na robo. Faili la baba mdogo nilikuwa sijaliwasilisha. Lilikuwa ndani ya mkoba wangu, katikati ya daftari la Maadili.

Saa tisa na nusu mama mdogo akaingia, nusu saa kabla ya wakati. Mwalimu wa miaka ishirini na mitatu hawezi kufika kwa wakati, lazima auwahi. Bahasha ilikuwa mkononi, imeshafungwa kwa gundi.

"Tumsubiri kidogo..." nikaanza.

"Tumsubiri nani?"

Kabla sijajibu, meneja akafungua mlango wa chumba chake. Kiasi cha kiinua mgongo cha mwalimu kilikuwa kikubwa kuliko kile mwanagenzi anachoruhusiwa kushughulikia peke yake, na mimi mwenyewe, Jumatatu, katika siku zangu za kujisifu, nilikuwa nimemwomba asimamie.

"Karibu, mwalimu. Karibu sana. Binti yako anafanya kazi nzuri."

Tukaketi watatu. Meneja akafungua faili, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Mapato ya mwenzi. Umeyathibitisha?"

"Mteja alisema mwenyewe," nikajibu.

"Sikuuliza nani alisema. Hati ya mshahara iko wapi?"

Mama mdogo akanisaidia, Mungu amsamehe. "Mume wangu haleti karatasi nyumbani. Huleta pesa."

"Hakuna tabu. Tunapiga kazini kwake, dakika moja tumemaliza."

"Meneja," nikasema, "leo Ijumaa, huenda wameshatoka. Tupige Jumatatu."

"Mwalimu anapeleka barua leo. Jumatatu tutakuwa tunathibitisha maji yaliyomwagika. Namba, tafadhali?"

Mama mdogo akatoa kijitabu chake kwenye mkoba. "Walibadilisha namba mwanzoni mwa mwaka. Aliniandikia mwenyewe, akaniambia ile ya zamani nisiipige tena."

Hapo ndipo nilipoelewa. Namba ile niliijua. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye fomu iliyokuwa mkobani mwangu, kwenye mstari wa simu ya pili ya mteja, ile anayowaachia walinzi.

Ningeweza kusema. Neno moja lingetosha. Lakini kila neno lililokuja mdomoni lilikuwa siri ya mtu, na fremu ile ilikuwa ukutani hata katika chumba cha meneja, tena kubwa zaidi. Nikajiambia baba mdogo hatapokea. Atakuwa ndani ya lifti fulani, ambako mtandao haufiki.

Meneja akaweka simu kwenye spika. "Ili mwalimu asikie mwenyewe, tusije tukaambiwa tumetunga."

Simu ikaita mara ya kwanza. Ikaita mara ya pili.

Na nje, kwenye benchi la wageni nyuma ya mlango, kukawa na simu nyingine inayoita.

Meneja akakunja uso. "Wageni wangu hawa. Kila siku nasema wazime simu."

Zikaita pamoja mara ya tatu. Zikanyamaza pamoja.

"Huduma ya lifti, habari za mchana. Tukusaidie nini?"

Sauti ilitoka kwenye spika, na nusu pumzi kabla yake ilipita chini ya mlango. Ilikuwa sauti ya heshima, imenyooshwa kama shati la usaili. Sauti ya mtu ambaye namba ngeni haijampigia siku nyingi, na ameipokea kwa matumaini yake yote.

Mama mdogo hakuitazama simu. Aliutazama mlango.

Meneja alikuwa ameinama akitafuta kalamu. Alidhani ni mwangwi wa spika. "Habari za kazi. Tunapiga kuthibitisha ajira ya fundi wenu mmoja." Akalitaja jina la baba mdogo, lote, kama lilivyo kwenye cheti cha ndoa.



Nikasikia benchi likilia, kama mtu aliyetaka kusimama akaghairi.

"Ndiyo," ikasema sauti, chini ya mlango na kwenye spika. "Yupo. Ni mtu wa kutegemewa sana."

"Na mshahara wake ni huu tulioandikiwa hapa?" Meneja akausoma.

"Ni huohuo."

"Nashukuru. Kazi njema."

Akakata. Akaandika "imethibitishwa" kwa mwandiko mzuri, akaligeuza faili, akalisukuma mbele yangu pamoja na kalamu.

"Saini hapa, mshauri. Kwamba umejiridhisha na taarifa zote za mteja. Kisha mwalimu awahi kupeleka barua yake."

Mama mdogo alikuwa ameshasimama. Mkono mmoja ulikuwa na bahasha, mwingine ulikuwa juu ya kitasa cha mlango, lakini hakukizungusha. Akanigeukia. Sijawahi kumwona akinitazama vile, hata siku nilipofeli hesabu darasani kwake.

"Saini, mwanangu," akasema. "Nataka nione kama utasaini."